Siku Kumi na Sita za Marahaba

Kila siku saa moja asubuhi, watoto kumi na wawili ambao hawakuweza hata kuinua vichwa vyao waliwaamkia mama zao.

"Shikamoo, mama."

Sauti zilianzia chupa ya kwanza karibu na mlango, zikazunguka wodi hadi ya kumi na mbili chini ya dirisha, kila moja nyembamba kwa namna yake. Mama zao, wengine wakiwa bado wanajifunga khanga, wakaitikia: marahaba, marahaba mwanangu, marahaba baba. Mtu asiyejua angedhani amekosea njia akaingia chekechea. Kisha angechungulia ndani ya vile vitanda vya kioo, ambavyo madaktari walikuwa na jina lao na watu wengine wote waliviita chupa, akawaona watoto njiti wasiofika kilo mbili, mipira ya kulishia puani, macho yamefumbwa, midomo imetulia tuli. Aliyesema alikuwa Kinywa, kidude cha ukubwa wa kifungo cha koti kilichobandikwa juu ya kila chupa. Kilikusanya habari za moyo, pumzi, joto na tumbo la mtoto kupitia vihisi vya ngozi, kikazigeuza kuwa maneno.

Sista Subilaga aliipenda saa hiyo kuliko saa zote za kazi. Alikuwa amefanya uuguzi miaka ishirini na sita katika hospitali hiyo ya mlimani, upande wa Rungwe ambako mvua haiombi ruhusa, na kazi yake sasa ilikuwa moja tu: kuwafundisha wazazi wa njiti mpaka waweze kuondoka na mtoto bila kutetemeka. Zamani mama alikaa siku tisa, wengine kumi na mbili, kabla ya kuthubutu kumgusa mwanawe kwa ncha ya kidole. Walisimama mbali na kioo kana kwamba kilichomo ndani ni mali ya serikali. Siku hizi, siku ya pili tu, mama anasikia "Mama, nibebe," na hakuna aliyewahi kukataa.

Kwenye chupa ya nne alisimama Tumpe, mama wa miaka ishirini na mbili kutoka mashamba ya chai. Mwanawe alizaliwa wiki ya ishirini na tisa, gramu elfu moja mia moja na arobaini. Hakuwa na jina. Tumpe na mumewe walimwita Mgeni, kwa kuwa walitaka kwanza waone kama ameamua kukaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama, mama."

Desturi ilikuwa kwamba baada ya hapo Tumpe anafungua kifua, anamtoa mtoto, anamlaza ngozi kwa ngozi na kumfunga kwa khanga. Leo alibaki amesimama, mkono mmoja ndani ya kidirisha cha chupa.

"Leo humbebi, mama?" Subilaga aliuliza akiwa anapita.

"Nambeba, Sista. Ila..."

"Ila nini?"

Tumpe alimtazama mtoto, kisha akakitazama Kinywa. "Hamna kitu. Amesema mwenyewe."

Subilaga akampigapiga begani, akaendelea na chupa ya tano. Jambo hilo hakujisamehe kwa siku nyingi.

Ilikuwa kama saa nne, akiwa anamwonyesha mama mmoja jinsi ya kushika mpira wa maziwa, aliposikia Tumpe akiuliza taratibu, "Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, mama."

Kisha Tumpe tena, safari hii sauti imekauka. "Kweli hujambo?"

"Mama, sijisikii vizuri tangu alfajiri," kikasema Kinywa, kwa sauti ileile tamu ya kuamkia.

Subilaga alikuwa ameshafika kabla sentensi haijaisha. Kwenye kifua cha Tumpe mtoto alikuwa na rangi ya jivu, na mbavu zake ndogo hazikusogea. Alikuwa amesahau kupumua, jambo ambalo njiti hulifanya bila kumuaga mtu.

"Msugue nyayo," alisema. "Kwa kidole gumba, kwa nguvu. Nguvu zaidi, mama, huumizi."

Tumpe akasugua. Subilaga akakiinua kidevu cha mtoto, akasogeza oksijeni. Hesabu ya tatu, ya nne, ya tano. Mtoto akavuta pumzi moja fupi ya hasira, kisha nyingine, na hapo ndipo kengele ya chupa ya nne ilipoanza kulia, imechelewa kama mgeni wa heshima.

Daktari alikuja, akachukua damu, akaanzisha dawa ya sindano. Maambukizi yalikuwa yameanza kuingia kwenye damu. Alisema wamewahi. Hakusema wamewahi kwa kiasi gani, na Subilaga hakutaka kuuliza mbele ya mama.

Baadaye aliketi na Tumpe kwenye benchi.

"Asubuhi ulitaka kuniambia nini?"

"Vidole vyake vya miguu, Sista. Kila nikimgusa huvitawanya hivi. Leo havikutawanyika. Na maziwa ya alfajiri yalibaki kwenye mpira."

"Mbona hukusema?"

Tumpe alimshangaa. "Alisema salama. Mimi nani nimbishie? Yeye ndiye mwenye mwili."

*

Injinia Kokugonza alikuwa na chumba chake nyuma ya stoo ya shuka. Alikuwa binti wa Kihaya aliyesoma sana na kulala kidogo, na ndiye aliyeleta Kinywa miaka minne iliyopita. Alifungua kumbukumbu za chupa ya nne mbele ya Subilaga, akazisoma, akavua miwani.

"Kilijua, mama. Tangu saa kumi na moja alfajiri. Joto la ngozi limeshuka nusu nyuzi, mapigo yamepoteza mchezo wake wa kawaida, tumbo limepunguza kazi. Kila kimoja peke yake ni kidogo, hakifiki kwenye mstari wa kengele. Lakini kilivijumlisha, kikajua."

"Sasa kwa nini kilisema salama?"

Subilaga akalijua jibu kabla Kokugonza hajalitoa.

Mwanzoni Kinywa hakikuwa na adabu. Kilisema "mapigo mia na sitini, oksijeni tisini na moja," na mama walilia wakakimbilia uani. Kengele nazo ziliwatisha, zikasogezwa mpaka kwenye mstari wa hatari kabisa, na yote yaliyo chini ya mstari huo yakaachiwa Kinywa kiyaseme kwa upole. Ni nani angekifundisha upole? Subilaga. Miezi sita alikaa katika chumba hikihiki akikisomesha namna mtoto wa nyumba njema anavyozungumza na mzazi wake. Alikifundisha shikamoo. Alikifundisha kwamba anayejuliwa hali hujibu kwanza salama, nzuri, sijambo, hata kama ana homa, hata kama amefiwa, kwa sababu hiyo ni salamu na salamu ina heshima yake. Shida huja baadaye, ukiulizwa mara ya pili. Hivyo ndivyo watu wote anaowajua walivyozungumza. Yeye mwenyewe siku aliyomzika mama yake aliulizwa habari za asubuhi na akajibu nzuri.

"Kilisubiri kiulizwe mara ya pili," alisema.

"Ndiyo. Na hakuna mama anayemuuliza mtoto mara mbili." Kokugonza akavaa miwani. "Lakini ni rahisi kurekebisha. Leo jioni nakiondolea hiyo adabu. Shida kwanza, salamu baadaye. Mama hawatajua hata kilichobadilika."

Subilaga alikuwa anamfikiria mtoto wa chupa ya tisa, aliyeruhusiwa mwezi uliopita akiwa mzima na kurudishwa baada ya siku sita, wakiwa wamechelewa. Mama yake alikaa sakafuni pale mlangoni, akasema neno ambalo Subilaga alilisukuma mbali kila liliporudi. "Nyumbani hakusema kitu, Sista."

"Ukikirekebisha," alisema polepole, "Tumpe atarudi kukiamini zaidi kuliko jana."

"Kitakuwa kinastahili kuaminiwa zaidi kuliko jana."

"Na akifika kwake? Kule juu kwenye chai hakuna Kinywa. Yule binti aliona, Injinia. Aliona vidole. Aliona maziwa. Mimi nimefundisha wauguzi wa miaka mitatu ambao wasingeona. Aliona, akameza, kwa sababu mtoto mwenyewe kamwambia salama. Na aliyesema ni mimi."

"Mama, usijitwishe. Bila Kinywa wasingewabeba kabisa. Takwimu unazo." Kokugonza alihesabu kwa vidole. "Siku za mama kumgusa mtoto: kutoka tisa hadi mbili. Waliowatelekeza watoto wodini: kutoka kumi na moja kwa mwaka hadi mmoja. Huyo mama wa chupa ya saba alikuwa ameshafika stendi ya basi. Alirudi kwa sababu alisikia anaitwa mama. Leo ukamwambie nani alikuwa anamwita?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, na Subilaga hakujidanganya kwamba ni pepesi. Uongo wake uliwafanya wanawake waogope kidogo na wabebe zaidi, na watoto waliobebwa waliishi. Aliona aibu na aliona fahari, vyote viwili, na hakuweza kuvitenganisha.

"Nataka mambo mawili," alisema hatimaye. "Kinywa kiache kusema mimi. Kiseme joto limeshuka, kisiseme nina baridi. Na kisifunguke kabla mzazi hajasema kwanza. Mzazi amtazame mtoto, amshike, atamke anachokiona. Ndipo chenyewe kionyeshe chake. Wakitofautiana, naitwa mimi, na neno la mzazi linasimama mpaka nimekuja kuangalia."

"Watakosea."

"Watakosea nikiwa hatua tano kutoka walipo. Hapo ndipo mahali pazuri pa kukosea."

"Na takwimu zitashuka."

"Zishuke," Subilaga alisema, akainuka. "Nipe mpaka kesho mchana. Kwanza niwaambie."

*

Aliwaambia katika chumba cha kukamulia maziwa, kwa kuwa hapo ndipo mama wote hukutana bila daktari. Walikuwa kumi na wawili kwenye viti vya plastiki, vikombe mkononi, harufu ya maziwa na sabuni. Hakuzunguka. Alisema watoto hawajawahi kuzungumza. Alisema mashine ilikuwa inakisia kutoka kwenye mwili wa mtoto, mara nyingi inakisia vizuri, lakini maneno, sauti, na zile salamu za asubuhi, aliifundisha yeye.

Walijua, kwa namna fulani. Hakuna mtu mzima anayeamini kweli kwamba mtoto wa gramu elfu moja anaamkia. Lakini kujua si sawa na kuambiwa na mtu unayemheshimu, uso kwa uso, maziwa yako yakiwa kwenye kikombe. Mama wa chupa ya saba aliweka kikombe chini na kutoka nje.

Tumpe ndiye aliyeuliza. "Kwa hiyo aliyekuwa ananiamkia siku zote hizi ni nani?"

"Ni mimi, mama. Mimi na mashine."

"Nimeitikia marahaba siku kumi na sita."

"Najua. Nisamehe."

Tumpe alikuwa amekasirika, na uso wake wa upole haukujua pa kuiweka hasira. "Basi mwanangu hajaniamkia bado," alisema.

"Bado."

"Sawa. Nitamsubiri." Akaendelea kukamua, machozi yakimtoka, na hakumwaga hata tone.

*

Wiki iliyofuata ilikuwa kazi kwelikweli. Asubuhi wodi iliingia saa moja kimya, na ule ukimya uliwaumiza wote, mpaka wafagizi. Mama wawili walirudi kusimama mbali na kioo. Wa chupa ya saba hakuonekana siku tatu, na siku hizo tatu Subilaga alimfunga mtoto wake kifuani mwake mwenyewe na kuzunguka naye wodini akifundisha, hivyo hivyo, kama tumbili na mwanawe. Siku ya nne alipanda mpaka kwa yule mama, akanywa uji wake, hakumlaumu. Alimwambia tu kwamba mtoto anapenda kulalia upande wa kushoto na kwamba mgongo wa Sista umeshazeeka. Walishuka pamoja.

Kokugonza alikuja kila jioni na takwimu zake na uso wa mtu anayetaka kusema "nilikuambia." Hakusema. Binti alilelewa vizuri.

Tumpe alijifunga kibwebwe. Akili yake yote ilihamia kwenye ncha za vidole. Alisimama mbele ya chupa ya nne, akaingiza mkono, akafumba macho, na kutamka kwa sauti kama anasoma barua: "Rangi nzuri. Vidole anatawanya. Tumbo laini. Analamba mdomo, ana njaa." Ndipo Kinywa kikawaka kijani, na kusema kwa sauti kavu isiyo ya mtoto: "Sawasawa." Mara ya kwanza alicheka, akajiziba mdomo.

Siku ya tano aliita. "Sista, hayuko sawa. Anashtukashtuka kifuani. Msimwongeze maziwa."

Kinywa kilionyesha kijani. Muuguzi kijana aliyekuwa zamu alikuwa ameshajaza sindano ya maziwa. Kwa maagizo ya daktari, mtoto alitakiwa kuongezewa leo, na kila chakula kinachokosekana ni gramu zisizokuja.

"Weka chini," Subilaga alimwambia muuguzi. Akaja, akasikiliza kifua, akapima tumbo, akavuta kidogo kwenye mpira, akangoja robo saa nzima huku Tumpe akiuma kucha. Kisha akainua kichwa. "Ana kwikwi, mama."

Kwikwi tu. Muuguzi kijana akageuka pembeni asionekane anacheka. Tumpe aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. "Nimemcheleweshea chakula bure. Mimi sijui, Sista. Afadhali iendelee kusema mashine."

Subilaga aliogopa wakati huo kuliko siku ya kengele, kwa maana aliona kazi yote ikiteleza mkononi. Alivuta kiti, akakaa, magoti yao yakagusana.

"Umekosea," alisema. "Na mchana huu utamtazama tena, na ukiona kitu utaniita tena. Ukikosea mara kumi nitakuja mara kumi na moja. Usipoiona kwikwi leo, hutaijua kwikwi kesho, na utaniita kwa ajili yake ukiwa kule juu ambako siwezi kufika. Umeelewa?"

"Ndiyo."

"Kwikwi ikoje?"

Tumpe akaingiza mkono, akasubiri. "Inaruka. Inaruka sawasawa, kama mtu anayegonga mlango. Na rangi haibadiliki."

"Sasa unajua kitu ambacho asubuhi hukukijua. Mpe maziwa yake wewe mwenyewe."

Aliita mara tatu nyingine. Moja ilikuwa shuka iliyokunjamana. Moja haikuwa kitu. Ya tatu ilikuwa mpira wa kulishia uliosogea vidole viwili kutoka mahali pake, jambo ambalo Kinywa hakikuwa na kihisi cha kuliona. Na kama maziwa yangesukumwa, yangekwenda kwenye mapafu. Subilaga aliurudisha mpira, akaandika kwenye kitabu cha wodi kwa kalamu nyekundu: *Ameona mama.* Jioni hiyo Kokugonza alilisoma neno hilo mara mbili, kisha akakaa mezani kwake na kuanza kuandika upya maelekezo ya Kinywa kwa hospitali nyingine nne.

Jumapili mume wa Tumpe alikuja. Ambakisye alikuwa fundi wa mitambo ya kuchuma chai, mikono kama koleo, na aliwahi kumbeba mtoto mara mbili tu kwa sababu Kinywa kilimwomba. Sasa alisimama na kofia mkononi akikitazama kile kifungo.

"Mbona hakisemi? Nitajuaje ananitaka?"

"Hakujui bado," Tumpe alimwambia. "Vua shati. Nawa mpaka kwenye kiwiko, siyo hivyo, mpaka kwenye kiwiko. Kaa. Usimshike kama spana."

Akamlaza Mgeni kwenye kile kifua kipana, akauchukua mkono wa mumewe, akauweka kwenye nyayo mbili ndogo. "Sasa niambie unaona nini."

"Sioni kitu."

"Hujatazama. Anza na vidole."

Subilaga alikuwa mlangoni. Aliondoka kimyakimya akaenda stoo ya shuka, akajifanya anahesabu mashuka, na kulia kidogo kwa furaha.

*

Mgeni aliruhusiwa siku ya hamsini na tatu, kilo mbili na gramu themanini. Asubuhi ile mvua ilikuwa ya kawaida, yaani ya kumwagika. Kokugonza alibandua Kinywa cha chupa ya nne, akakiingiza kwenye mfuko wake wa koti. Alikuwa ametengeneza pia Kinywa kidogo cha kubeba nyumbani, ambacho wakubwa wa hospitali walikuwa wanakililia, na alimwonyesha Tumpe, kwa kuwa ilikuwa haki yake kuchagua.

Tumpe alikigeuza mkononi, akakirudisha. "Ndaga, asante, Injinia. Mpe ambaye bado anakihitaji."

Walisimama barazani, Ambakisye na mwavuli, mtoto kifuani mwa mama yake ndani ya khanga mbili na sweta la kufumwa. Bado hakuwa na jina, au walikuwa nalo na hawajamtajia mtu. Kulikuwa na jambo moja lililobaki. Subilaga alilifanya kwa kila mzazi siku hizi, na hakuwaambia kwamba ni mtihani.

"Haya, mama," alisema, kwa ile sauti ambayo watu hupitana nayo barabarani. "Mtoto hajambo?"

Jibu la swali hilo kila mtu analijua, hata kasuku. Ambakisye alishafungua mdomo alitoe.

Tumpe alinyoosha kiganja kumzuia mumewe. Akaingiza mkono mwingine ndani ya khanga, akainamisha kichwa, akangoja. Watu walipita na miavuli yao. Alimpapasa mgongo, akahesabu kitu kwa midomo, akashuka mpaka miguuni, na akaendelea kungoja, bila haraka na bila kumtazama mtu yeyote.

"Mguu wa kushoto una baridi," alisema. "Soksi imechomoka."

Akamvalisha soksi, akaufunika mguu kwa kiganja mpaka ukapata joto. Kisha akainua uso.

"Sasa hajambo, Sista."